Dawa za kumeza za chunusi: venye unazianza, unazimeza na unaziacha

Naandika hii kwa sababu maswali ni yaleyale kila wiki. Nimeze kabla ya kula ama baada? Mbona nimemeza wiki mbili na uso bado uko vilevile? Chai naweza kunywa? Na hizi za rafiki yangu zimebaki, si nizimalize tu? Nafanya kazi kwa kemisti huku Umoja na wanaouliza ni watu wa kila aina, kijana wa fomu tatu ameletwa na mamake, dada wa saluni, kondakta mwenye kidevu kimefura mpaka kunyoa ni kazi, na wote wanastahili jibu kamili ambalo laini ya kaunta hainiachi niwape. Basi nimeliandika lote hapa.

Shika hili kwanza. Dawa ya kumeza ya chunusi ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na haitembei peke yake, inatembea na krimu. Ukimeza bila krimu, ama ukimeza bila kujua utaacha lini, utapata nafuu kidogo halafu zitarudi, na utakuja kuniambia dawa ni feki.

Dawa yenyewe ni antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, na mara nyingi ni doksisaiklini, wengi tunaiita doksi, miligramu 100 mara moja kwa siku. Kuna laimisaiklini ya miligramu 408, hiyo pia ni moja kwa siku, bei yake iko juu kuliko doksi. Mama mjamzito hapewi hizi mbili, daktari akiona ni lazima atamtafutia nyingine kama erithromaisini. Amoksilini iliyobaki nyumbani ya kikohozi siyo dawa ya chunusi, iache.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Karatasi ya daktari. Najua huku mtaani kuna mahali unauziwa bila swali, lakini kisheria antibiotiki ni ya kuandikiwa na kuna sababu, utaiona hapo chini. Siyo lazima uanze na daktari wa ngozi wa Upper Hill. Afisa wa kliniki ama daktari wa kawaida kwenye hospitali ya kaunti, Mbagathi ama Mama Lucy, anaweza kukuangalia, na akiona ni mbaya atakuandikia rufaa uende kliniki ya ngozi.
- Dawa kutoka kemisti yenye leseni ya Pharmacy and Poisons Board, bodi ya serikali inayosimamia dawa, leseni inafaa kuwa imetundikwa ukutani. Angalia tarehe ya kuharibika kwenye pakiti. Doksi iliyopitisha muda usimeze, hii familia ya dawa ikiisha muda inaweza kuumiza figo.
- Krimu: benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 ama 5, ama jeli ya adapaleni ya asilimia 0.1, ama zote mbili, vile daktari atasema.
- Sabuni laini ya uso isiyo na chengachenga za kusugua, mafuta mepesi yasiyoziba ngozi, na sanskrini ya SPF 30 kwenda juu.
- Picha tatu za uso wako, mbele na kila upande, umesimama dirishani asubuhi. Usiruke hii.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha ni chunusi kweli

Hapa ndipo watu wengi wanapotelea. Antibiotiki ya kumeza ni ya chunusi za kati mpaka kali, zile zimefura, nyekundu ama nyeusi kwa ngozi yetu, zinauma ukigusa, zina usaha, labda zimeshuka mpaka kifuani na mgongoni. Kama uko na vipele vitatu vinakuja ukikaribia siku zako, ama vichwa vyeusi puani tu, hizo ni kazi ya krimu, hakuna haja ya kumeza kitu.

Halafu kuna zile zinafanana na chunusi na siyo chunusi. Vipele vidogo vya saizi moja vimejaa kwa paji la uso, kifua na mgongo, na VINAWASHA, hiyo inaweza kuwa fangasi ya vinyweleo, na antibiotiki inaizidisha badala ya kuitoa. Vipele vimepanga foleni kwa laini ya nywele tu, uliza kwanza mafuta na jeli unayopakwa ukisukwa. Na kama umekuwa ukipaka krimu ya kung'arisha ngozi, zile za kuchanganyiwa hasa, nyingi huwa na steroidi kali kama betamethasoni ama klobetasoli ndani, na steroidi zenyewe huleta chunusi. Mwambie daktari ukweli wote kuhusu hiyo krimu hata kama ni ngumu kusema. Ukiiacha ghafla uso unaweza kuwaka kabla upoe, kwa hivyo msaidiane kuiacha.

2. Sema kila kitu kabla hujaandikiwa

Sema kama uko na mimba, unatafuta mimba ama unanyonyesha. Doksi inaingia kwa meno na mifupa ya mtoto anayekua na kuacha rangi kwa meno, ndiyo maana pia watoto wadogo hawapewi kwa chunusi. Sema kama uko kwa dawa za TB, dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, dawa za kufanya damu iwe nyepesi, ama tembe za vitamini A. Sema kama kuna antibiotiki iliwahi kukufurisha uso.

Kuna swali dada zangu huniuliza kwa sauti ya chini, kama doksi inaharibu vidonge vya kupanga uzazi. Haiharibu. Ile inaharibu ni kutapika na kuhara sana, kwa sababu kidonge chenyewe kinatoka kabla kiingie mwilini, na hapo ndipo utumie kinga nyingine.

3. Chagua saa moja na usiibadilishe

Chagua saa ambayo uko macho, umekula na hutalala karibuni. Kwa wengi chakula cha jioni kinafaa, saa moja usiku hivi. Kwa mtu anayetoka Kitengela saa kumi na moja asubuhi, tumbo tupu, ndani ya matatu, asubuhi siyo saa ya kujaribu doksi, utashukia Bellevue ukatapike. Weka kengele kwa simu.

Kama unafunga Ramadhani, dozi moja kwa siku haikusumbui, imeze baada ya kufuturu. Usiimeze wakati wa daku halafu ukarudi kulala, sababu iko kwa hatua inayofuata.

4. Imeze na maji mengi, ukiwa wima

Hii ndiyo hatua inaleta malalamiko mengi kuliko zote, na ndiyo rahisi kuliko zote. Kapsuli ya doksi ikikwama kwa koo ama katikati ya kifua inayeyuka hapohapo na inachoma nyama ya ndani. Wateja huja wakishika kifua wakidhani ni moyo, ama wanasema kumeza mate tu kunauma, na ukiwauliza vizuri unapata walimeza na mate, ama na funda moja la soda, wakajitupa kitandani.

Fanya hivi. Kaa ama simama wima. Kunywa maji kidogo kwanza koo lilowe. Weka kapsuli, kunywa glasi nzima ya maji, ile ya mililita 200 na kitu, siyo funda. Halafu baki wima nusu saa, saa nzima ni bora. Osha vyombo, tazama taarifa, lakini usilale na usiiname kufua.

Kama tumbo linasumbuka, imeze katikati ya chakula. Doksi inavumilia chakula, ugali na sukuma haitaizuia. Kuna watu wanang'ang'ana kuimeza tumbo tupu kwa sababu walisikia inafanya kazi haraka, wanateswa na kichefuchefu siku tatu halafu wanaacha kabisa. Dawa iliyomezwa na chakula ni bora kuliko dawa imekaa kwa droo.

5. Iweke mbali na maziwa na madini

Kalsiamu, chuma, magnesi, alumini na zinki hushikana na doksi tumboni na dawa inapita bila kuingia kwa damu. Kikombe cha chai ya maziwa kinaipunguza kiasi, siyo janga, lakini mbona upunguze kila siku? Meza na maji, chai ngoja masaa mawili. Mala na yoghati vilevile.

Wabaya kabisa ni dawa za kuongeza damu, tembe za kalsiamu, na dawa za asidi za kutafuna ama za maji. Hizo tenganisha kwa masaa mawili mpaka matatu: za damu asubuhi, doksi jioni. Na nitasema hili bila kumcheka mtu, kama unakula odowa, ule ni udongo, nao unaweza kushika dawa. Iweke mbali na saa ya doksi, na mwambie daktari, kwa sababu hiyo hamu mara nyingi hutembea na upungufu wa damu.

6. Paka krimu kutoka siku ya kwanza

Dawa ya kumeza inatuliza uvimbe na kupunguza bakteria. Haizibui vinyweleo. Kazi ya kuzibua ni ya adapaleni, na benzoili peroksaidi inaua bakteria kwa njia ambayo hawaizoei, hivyo inalinda ile antibiotiki yako isichoke. Ukitumia antibiotiki peke yake kwa miezi, bakteria waliobaki ni wale sugu, siyo wa usoni pekee, hata wa tumboni, na siku ukiugua kitu cha maana dawa inakataa. Hii ndiyo sababu niliyokuahidi.

Jinsi ya kupaka: osha uso usiku, kausha, ngoja dakika chache, chukua kiasi cha punje moja ya minji, sambaza USO MZIMA mahali chunusi hutokea, siyo kudonoa kipele kimoja kimoja. Anza siku moja unapaka siku moja unapumzika kwa wiki mbili, ngozi ikizoea unaenda kila usiku. Juu yake paka mafuta mepesi. Ukichomwa sana punguza siku, usiache kabisa. Benzoili peroksaidi inatoa rangi kwa nguo, nimeona kola za yunifomu na hijabu zimeharibika, tumia taulo nyeupe na foronya nyeupe. Adapaleni mjamzito asipake.

Kama ulikuwa unapaka jeli ya antibiotiki kama klindamaisini, uliza daktari kama uiache. Antibiotiki ya kupaka na ya kumeza kwa wakati mmoja hazifai kwenda pamoja.

7. Jikinge na jua, hata kama wewe ni mweusi

Doksi inafanya ngozi ishike jua haraka. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na tuko chini kidogo tu ya ikweta, jua la saa sita hapa ni kali hata siku ya mawingu. Watu weusi huniambia sisi hatuungui. Tunaungua, tena jua linakoleza yale madoa meusi chunusi inaacha, na kwa wengi wetu madoa ndiyo yanauma moyo kuliko chunusi zenyewe.

Sanskrini kila asubuhi, kiasi cha mistari miwili ya urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, rudia baada ya masaa mawili kama uko nje. Mtu wa boda, mama wa kuuza mboga, mtu wa mjengo, vaeni kofia pana ama leso pia. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua sanskrini kabla ya ile seramu umeonyeshwa kwa simu.

8. Ngoja, na upime kwa picha

Wiki mbili za kwanza usitarajie kitu. Wengi huona uvimbe unatulia kati ya wiki ya nne na ya nane, vipele vipya vinakuja vichache, vinauma kidogo, vinakauka haraka. Piga picha dirisha lilelile wiki ya 4, ya 8 na ya 12. Kioo cha kila asubuhi kitakudanganya kwa sababu unaangalia kipele cha leo, picha inaangalia mwezi.

Ukisahau dozi, imeze ukikumbuka. Kama saa ya inayofuata imekaribia, ruka, endelea kawaida. Usimeze mbili pamoja.

9. Rudi kwa daktari wiki ya 12

Hii tarehe iandike kwa kalenda siku ileile unaanza. Wiki 12 ndipo mnaamua: kama uso umesafika, unaacha ya kumeza na unaendelea na krimu; kama umepata nafuu nusu, daktari anaweza kuongeza muda. Zaidi ya miezi sita ni nadra na iwe ni daktari amesema, siyo wewe na kemisti. Hakuna haja ya kupunguza dozi polepole, unaacha tu. Lakini krimu usiiache, ndiyo inashikilia kazi yote, na wanaorudi kwangu wakilia zimerudi, wengi waliacha vyote siku moja.

Makosa ninayoyaona sana

Kununua kapsuli kumi. Kumi ni za siku kumi, hiyo haitoshi hata kuanza, na kila ukirudia hivyo mara kwa mara unafundisha bakteria tu.

Kufungua kapsuli na kuchanganya ule unga na mafuta ya kujipaka. Haikutengenezwa kupakwa, inaweza kuchubua ngozi, na hujui umepaka kiasi gani.

Kugawana. Ndugu yako ana dawa zake na magonjwa yake.

Kuruka dozi za wikendi kwa sababu ya pombe. Bia moja haiui doksi, ila kunywa sana kila siku kunaifanya iishe mwilini haraka. Meza dawa yako Ijumaa kama siku zingine.

Kubinya. Najua mkono unaenda wenyewe. Kila kipele ukibinya ni doa la miezi.

Shida zikitokea

Kichefuchefu: imeze katikati ya chakula, maji zaidi. Ikiendelea zaidi ya wiki, rudi uulize kuhusu laimisaiklini, wengine wanaiweza vizuri kuliko doksi.

Kifua kinachoma ama kumeza kunauma: simamisha dawa, piga daktari siku hiyo. Mara nyingi inapona kwa siku chache ukiacha, lakini usiendelee kumeza juu ya kidonda.

Kuwashwa sehemu za siri na uchafu mweupe mzito: ni fangasi, antibiotiki imeua bakteria wazuri wa huko. Inatibika kirahisi, njoo uulize bila aibu, na usijioshe na sabuni ndani.

Kuhara kidogo: kunywa maji mengi. Kuhara kwingi, kuna damu ama tumbo linakata sana: acha dawa, nenda hospitali.

Kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu ama vitu viwiliviwili: acha dawa, nenda hospitali leo, usingoje kesho. Shinikizo ndani ya kichwa linaweza kupanda, ni nadra lakini macho yanaweza kuharibika. Ndiyo maana pia doksi haichanganywi na isotretinoini, ile dawa nzito ya chunusi kali, wala tembe za vitamini A.

Upele mwili mzima, midomo inafura, pumzi inabana: hiyo ni mzio, hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Chunusi zimeisha lakini uso umejaa madoa: antibiotiki haitoi madoa. Endelea na adapaleni na sanskrini, hesabu miezi siyo wiki. Usikimbilie krimu za kung'arisha, utarudi hatua ya kwanza.

Zinarudi kila mwezi kidevuni na kwa taya, siku zako hazieleweki, nywele zinaota kidevuni: mwambie daktari achunguze homoni, kuna matibabu mengine kabisa na antibiotiki nyingine haitakusaidia.

Wiki 12 zimeisha, umemeza vizuri, umepaka, na picha hazijabadilika, ama kuna mabonge ya ndani yanaacha mashimo: usiombe pakiti nyingine ya doksi. Omba rufaa ya daktari wa ngozi, na usikawie kwa sababu mashimo hayajazi yenyewe. Huenda akazungumza nawe kuhusu isotretinoini, ambayo ni dawa nzito, inahitaji vipimo vya damu na kinga ya mimba ya uhakika kwa sababu inaharibu mtoto tumboni. Mbebee zile picha zako, majina ya dawa zote ulizotumia vile yako kwa pakiti, na tarehe ulizoanza na kuacha.